Lukemia inapobadilisha rangi katikati ya matibabu, usikimbilie kusema daktari alikosea

Ujumbe uliingia saa tano usiku, wakati ambao kikundi cha WhatsApp cha mchango huwa kimelala. Aliyeuandika ni mjomba wa mtoto, ambaye pia ndiye mweka hazina: "Majirani, habari za usiku. Tumepata ripoti mpya. Madaktari wanasema sasa si ALL tena, ni AML. Dawa zinabadilishwa. Tunaomba maombi na mchango wenu." Chini yake kulikuwa na picha ya karatasi ya maabara, imepigwa kwa simu, imepinda upande mmoja.

Kama umewahi kuwa kwenye kikundi kama hicho, unajua kilichofuata. Dakika mbili za kimya. Kisha msee wa kwanza akauliza: "Kwani mtoto ana kansa ngapi?" Wa pili akadakia: "Si tulichangia ile ya kwanza?" Wa tatu akaandika kwa herufi kubwa kwamba daktari alimpa mtoto dawa za ugonjwa usio wake kwa miezi saba na familia itafute wakili. Wa nne hakuandika chochote, alitoka tu. Kufikia saa sita nilikuwa nimehesabu watu kumi na mmoja waliotoka.

Mtaani wananiita Daki, ila mimi si daktari. Nilisomea kazi ya maabara ya hospitali mihula mitatu, karo ikanishinda, nikatoka. Siku hizi ninaandika na kuhariri video za watu wenye biashara ndogondogo. Jina lilibaki. Kwa hivyo kabla sijazima taa, yule mjomba akanitumia ujumbe kando: "Daki, niambie ukweli. Walitudanganya?"

Sikumjibu usiku ule kwa sababu sikuwa na hakika. Nilichukua siku tatu kusoma, na hili ndilo jibu nililompa. Ninakupa na wewe pia, kwa sababu iko siku utakuwa kwenye kikundi kama kile, au mgonjwa atakuwa wa kwenu.

Jibu fupi ni hili: huenda hakuna aliyedanganya. Kuna jambo linalotokea katika lukemia, si mara nyingi, lakini linajulikana tangu wazazi wetu wakiwa shuleni. Ugonjwa ukiwa katikati ya matibabu, seli zake zinaweza kuhama ukoo. Zinaanza zikiwa za aina moja, zinapigwa na dawa, kisha zinarudi zikiwa za aina nyingine kabisa. Ripoti ya kwanza ilikuwa sahihi. Ripoti ya pili nayo ni sahihi.

Koo mbili, jiko moja

Tuanzie kwenye mfupa. Ndani yake kuna uboho, ile nyama laini unayoifyonza ukinywa supu ya mifupa. Hilo ndilo jiko la damu. Kila siku seli changa huzaliwa pale zikiwa bado hazijaamua zitakuwa nani, halafu hufika njia panda.

Njia moja ni ya limfoidi. Humo hutoka seli B na seli T, zile zinazomkumbuka adui na kumtengenezea kingamwili. Njia ya pili ni ya mieloidi. Humo hutoka seli nyeupe zinazomeza bakteria, seli nyekundu zinazobeba oksijeni, na chembe zinazogandisha damu ukijikata.

Lukemia huanza seli moja changa inapoharibika kwenye jeni zake, ikakataa kukomaa, ikaanza kuzaana bila breki. Vizazi vyake vinajaza jiko lote. Chakula halali hakipikwi tena, ndiyo maana mgonjwa huishiwa damu, hupata homa zisizoisha, na hutokwa na damu puani au kwenye ufizi. Seli iliyoharibika ikiwa ya njia ya limfoidi na ugonjwa ukaenda kwa kasi, huitwa ALL. Hii ndiyo saratani inayowapata watoto wengi kuliko saratani nyingine yoyote. Ikiwa ya njia ya mieloidi, huitwa AML. Hiyo ya pili huenda unaikumbuka kwa jina la Bob Collymore, bosi wa Safaricom. Alienda kutibiwa Uingereza Oktoba 2017, akarudi kazini Julai 2018, akafariki Nairobi tarehe 1 Julai 2019.

Tofauti hii si ya kupamba karatasi. Inaamua dawa. ALL kwa kawaida hupigwa kwa vinkristini, steroidi na asparaginezi, kisha mgonjwa huendelea na dawa nyepesi kidogo hadi miaka miwili au mitatu itimie. AML hupigwa kwa sitarabini na daunorubisini katika mizunguko michache ila mizito, ambapo kinga ya mwili huporomoka na mtu hulazwa wiki kadhaa. Ukipewa dawa za ukoo usio wako, unabeba makali yake yote na faida kidogo sana.

Maabara hujuaje ni ukoo gani? Seli huvaa alama juu ya ngozi yake, ni protini zenye majina kama ya vibandiko vya magari. Seli B huvaa CD19. Seli nyingi za mieloidi huvaa CD33. Sampuli ya uboho hupitishwa kwenye mashine ambayo humulika seli moja moja kwa mwanga wa leza na kusoma alama zake. Kinachoandikwa kwenye ripoti kimetokana na sare ambayo seli zimevaa siku hiyo.

Shikilia maneno hayo: siku hiyo.

Nganya iliyopakwa rangi upya

Chukua nganya ya Umoja. Ina rangi za sacco yake, ina kibandiko kwenye kioo, na makanga anaita abiria wa Umoja. Usiku mmoja inaingia gereji. Asubuhi inatoka na rangi nyingine, kibandiko kingine, na inabeba watu wa Rongai. Askari aliyepewa kazi ya kusimamisha gari za Umoja ataiangalia ikipita mbele yake na ataipungia mkono. Lakini ukiinua boneti ukasoma namba ya chasisi, ni gari lile lile.

Hivyo ndivyo kuhama ukoo kulivyo. Sare imebadilika kutoka CD19 kwenda CD33, umbo la seli limebadilika chini ya hadubini, tabia yake mbele ya dawa imebadilika. Ila ndani kabisa, kwenye jeni, jeraha lililoanzisha ugonjwa lipo pale pale. Hiyo ndiyo namba ya chasisi.

Na hapo ndipo mjomba wa mtoto alipaswa kuanzia badala ya kutafuta wakili. Ripoti mbili zikitofautiana, maelezo yanayowezekana ni manne, na kila moja lina ushahidi wake.

La kwanza, maabara ilikosea mwanzoni. Makosa hutokea, tusijifanye hayapo. Sampuli ya mwanzo ikisomwa upya na ionekane haikuwa na alama za seli B hata kidogo, basi kuna mtu wa kujibu maswali.

La pili, lukemia ilikuwa mseto tangu mwanzo. Kuna wagonjwa ambao seli zao huvaa sare mbili kwa pamoja, au huwa na makundi mawili ya seli ndani ya uboho mmoja. Kundi kubwa likifagiliwa, dogo linabaki na shamba lote.

La tatu, ni lukemia mpya iliyoletwa na dawa zenyewe. Baadhi ya dawa za saratani, kama etoposidi, zinaweza kuharibu jeni za seli nzima na kuzaa AML ambayo haina undugu na ugonjwa wa kwanza. Hapo chasisi ni tofauti. Hata jeni ile ile ikiwa imekatika kwenye magonjwa yote mawili, mahali ilipokatika hapalingani. Rarua karatasi mbili uone kama mistari ya mraruko itafanana.

La nne, ni ugonjwa ule ule uliohama ukoo. Mraruko unalingana kabisa.

Unaona? Huwezi kuchagua kati ya hayo manne kwa kuangalia picha iliyopinda saa tano usiku. Unachagua kwa kulinganisha jeni za sampuli ya kwanza na za sampuli ya pili. Mtaani tunapenda kusema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwenye mambo ya uboho, lisemwalo lipimwe kwanza.

Jambo hili halijaanza jana

Mwaka wa 1984, madaktari wa hospitali ya watoto ya St. Jude, mjini Memphis, Marekani, waliandika kuhusu watoto 89 ambao lukemia yao ilikuwa imerudi kwenye uboho. Watoto 6 kati yao, karibu 7 kwa kila 100, walikuwa wamehama ukoo. Zingatia mwaka: hizo tiba mpya za kinga tunazosikia leo hazikuwepo. Ni tibakemikali ya kawaida tu, na bado seli zilibadilisha sare.

Kisha zikaja tiba zinazowinda alama moja. Maarufu zaidi huitwa CAR-T. Daktari huchukua seli T za mgonjwa mwenyewe, maabara huzifundisha kuitambua CD19, halafu zinarudishwa mwilini kuwinda. Tarehe 30 Agosti 2017, Marekani iliidhinisha ya kwanza, Kymriah, kwa bei ya dola 475,000. Kwa pesa zetu leo ni zaidi ya shilingi milioni 60. Soma tena, sijakosea sufuri.

Tiba hii imeokoa watoto waliokuwa wameshaambiwa waende nyumbani. Lakini mwaka wa 2016 watafiti wa Seattle walichapisha habari ya wagonjwa saba wa ALL waliopewa seli hizo. Wote saba walikuwa na jeni moja iliyovunjika, zamani ikiitwa MLL, sasa KMT2A. Uboho wa wote saba ulisafishika. Ndani ya mwezi mmoja, wawili wakapata AML. Walipoangalia chasisi, ilikuwa ya lukemia ile ile ya mwanzo. Askari walikuwa bado wako barabarani wakitafuta CD19, na gari lilikuwa limeshapakwa rangi.

Uchambuzi mwingine uliochapishwa 2023 uliwafuata watoto na vijana 420 waliopewa CAR-T ya CD19. Waliorudiwa na ugonjwa walikuwa 166, na kati ya hao, 12 walikuwa wamehama ukoo. Tena ni karibu 7 kwa kila 100 ya waliorudiwa, si ya wagonjwa wote. Ni wachache. Ila ukiwa mmoja wa hao 12, takwimu haikusaidii kitu. Unahitaji mtu atambue haraka.

Kwa nini KMT2A? Jeni hii iko kwenye kromosomu ya 11, na kazi yake inafanana na ya msimamizi wa mjengo: inaamua ni jeni zipi zifunguliwe na zipi zifungwe ili seli ikomae kuwa kitu fulani. Ikivunjika na kuunganishwa na kipande cha jeni nyingine, msimamizi anaanza kutoa amri za kichaa. Seli inabaki karibu na njia panda, haijajifunga kwenye ukoo wowote. Ukiiziba njia ya limfoidi kwa dawa, njia ya mieloidi bado iko wazi. Mwaka wa 2022, watafiti walioongozwa na timu ya Newcastle, Uingereza, walionyesha kwamba baadhi ya seli hizo huwa zimepoteza pia walinzi wengine wa utambulisho wa seli, mmojawapo akiwa jeni iitwayo CHD4. Walionyesha vilevile kwamba mabadiliko yanaweza kuanzia kwenye seli changa sana, iliyotangulia kabla ya njia panda.

Hili linamhusu hasa mtoto mchanga. Kati ya watoto wanaopata ALL kabla ya kutimiza mwaka mmoja, 7 hadi 8 kwa kila 10 huwa na KMT2A iliyovunjika. Mtoto wa jirani yetu aligunduliwa akiwa na miezi mitano.

Usije ukasema tiba ndiyo mbaya

Najua unakoelekea. "Kumbe dawa ndizo zinabadilisha ugonjwa! Si afadhali tumpeleke kwa yule mzee wa mitishamba?" Tulia kidogo.

Mwaka wa 2023 kulichapishwa utafiti wa watoto 30 wa chini ya mwaka mmoja waliokuwa na ALL yenye KMT2A iliyovunjika, yaani kundi lile lile lenye hatari kubwa ya kuhama ukoo. Waliongezewa mzunguko mmoja wa blinatumomabu juu ya tibakemikali yao. Hii ni dawa inayoishika seli T kwa mkono mmoja na CD19 kwa mkono mwingine, zikutane wapigane. Baada ya miaka miwili, kiwango cha waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi kilikuwa asilimia 81.6. Kwa watoto wa aina hiyo waliotibiwa awali bila dawa hiyo, kilikuwa asilimia 49.4.

Kwa hivyo hesabu iko wazi. Bila matibabu, lukemia kali huua kwa wiki au miezi, iwe imebadilisha rangi au haijabadilisha. Ukiwa na matibabu, wengi wanapona na wachache wanahama ukoo. Kuhama ukoo kusikuzuie kumtibu mtoto. Kukufanye uendelee kumpima.

Sisi tunalipia jina, ugonjwa unabadilisha jina

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo pananiuma.

Mfumo wetu wote, kuanzia bima hadi harambee, umejengwa kana kwamba mgonjwa hupewa jina la ugonjwa mara moja na jina hilo halibadiliki. SHA ilipochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, kifurushi cha saratani kilikuwa shilingi 550,000 kwa familia kwa mwaka: 400,000 kutoka kwa bima ya jamii, na 150,000 kutoka kwa hazina ya dharura na magonjwa sugu. Tangu hapo wagonjwa na watetezi wao wamekuwa wakipiga kelele kwamba hazitoshi, na wako sahihi. Lakini sikiliza namna mgonjwa wa kuhama ukoo anavyoumizwa zaidi. Kikomo kinahesabu mwaka na familia. Kwamba umeanza safari upya, kwa dawa tofauti na kulazwa upya, si jambo linaloanzisha hesabu upya. Ukiwa umetumia sehemu kubwa kwa ALL kufikia Julai, AML ya Agosti inakuta mabaki.

Halafu kuna vipimo. Kipimo cha alama za seli na kile cha jeni havipatikani kila mahali. Hospitali nyingi za kaunti hazina mashine hizo. Sampuli inasafiri hadi Nairobi, na nyingine zinapelekwa nje ya nchi. Familia ikiambiwa "mtoto apimwe uboho tena," inasikia gharama nyingine. Inauliza, "Si mlishapima?" Na daktari aliyechoka, mwenye foleni hadi mlangoni, anaweza kuona ni rahisi kuendelea na dawa za jina la kwanza.

Hapo ndipo mtu anakufa. Seli zikihama ukoo na hakuna anayepima tena, mgonjwa anaendelea kumezeshwa dawa zinazomtafuta adui aliyeshavua sare. Karatasi ya kwanza inageuka kuwa hukumu.

Nani basi wa kulaumiwa? Nimelifikiria swali hili siku nyingi, na msimamo wangu ni huu. Usimlaumu daktari kwa sababu ripoti ya pili inatofautiana na ya kwanza. Huyo amefanya kazi yake: amepima tena, ameona, amesema. Wa kuulizwa ni yule anayeona ugonjwa umerudi na hapimi tena. Na wa kuulizwa zaidi ni mfumo ambao unahesabu kipimo cha pili kuwa anasa. Nchi inayolipia dawa za saratani za mamia ya maelfu halafu inakaza mkono kwenye kipimo kinachoamua kama dawa hizo zinalenga shabaha, inamwaga maji kwenye pakacha. Kipimo cha uboho wakati ugonjwa unaporudi kinafaa kuwa haki ndani ya kifurushi, kikae kando na kikomo cha dawa. Hilo ndilo la kuwadai wabunge wetu, na lina maana kuliko kumtishia daktari wa zamu kwa wakili.

Ukiwa ndani ya hiyo wadi, uliza haya

Huna haja ya kuwa umesoma. Mimi mwenyewe niliishia muhula wa tatu. Uliza kwa heshima, andika majibu kwenye daftari.

Uliza: ripoti ya kwanza ilitaja alama gani za seli, na je, jeni zilipimwa? Omba nakala yako. Karatasi ya kwanza ndiyo utakayolinganisha nayo baadaye. Iweke mahali pakavu pamoja na cheti cha kuzaliwa, na uipige picha.

Uliza: sampuli ya kwanza bado imehifadhiwa? Maabara nyingi huhifadhi vioo vya sampuli kwa muda. Ikitupwa, namba ya chasisi ya zamani huenda imetoweka nayo.

Uliza: ugonjwa ukirudi, mtapima alama zote upya, za limfoidi na za mieloidi, au mtatafuta tu zile za mwanzo? Ukitafuta CD19 peke yake kwa mgonjwa aliyehama ukoo, unaweza kuambiwa uboho uko safi na hali umejaa.

Na mgonjwa akiwa na KMT2A iliyovunjika, uliza: daktari, mnaangalia uwezekano wa kuhama ukoo? Swali hilo moja linamwambia kwamba familia imejiandaa kusikia jibu gumu.

Wewe ambaye huna mgonjwa, una kazi pia. Wagonjwa wa lukemia humaliza damu na chembe za kugandisha damu kuliko unavyodhani, na chembe hizo zikishatolewa hukaa siku tano hivi tu kabla ya kuharibika. Hazitunziki za mwaka jana. Leo mtoto anahitaji za wiki hii. Kama una afya, kutoa damu hakukugharimu hata nauli ya Rongai.

Kilichotokea kwenye kikundi

Siku ya nne nilimpigia mjomba simu. Nilimweleza habari ya nganya na chasisi, nikamwambia aende akaulize jambo moja tu: sampuli ya kwanza na ya pili zina jeraha moja la jeni au mawili? Alikuwa kimya, kisha akasema, "Daki, kwa hivyo sina wa kumshtaki?" Nikamwambia sijui bado, ila kwanza ajue. Nilimsikia akivuta pumzi. Nafikiri wakili ulikuwa mpango rahisi zaidi kwake. Ukiwa na mtu wa kushtaki, angalau una kazi ya kufanya ukiwa umekaa kwenye benchi la wadi.

Jibu lilichukua wiki mbili na nusu. Jeraha lilikuwa moja, mahali pale pale. Aliliandika kwenye kikundi kwa maneno yake: "Ni ugonjwa ule ule. Umebadilisha rangi. Daktari hakukosea." Mamake mtoto, ambaye hajawahi kuandika chochote mle ndani tangu kifunguliwe, akaongeza chini yake: "Asanteni waliobaki."

Kati ya wale kumi na mmoja, watatu waliomba kurudishwa. Mmoja ni yule wa herufi kubwa. Hakuomba msamaha, alituma shilingi 300 na emoji ya mikono. Inatosha.

Mtoto bado yuko wadini. Anamaliza mzunguko wa pili wa dawa mpya. Ana meno manne. Sijui hii itaishaje, na sitakudanganya kwamba AML iliyotokana na kuhama ukoo ni jambo jepesi, kwa sababu si jepesi hata kwa wenye milioni 60. Ninachojua ni kwamba sasa anapigwa na dawa za ugonjwa alionao leo, kwa sababu kuna mtu aliyekubali kupima mara ya pili na familia ilikubali kuamini karatasi mbili kwa wakati mmoja.

Kwa hivyo usiku ukipata ujumbe kama ule, kabla ya kuuliza mtoto ana kansa ngapi, uliza kama wamelinganisha sampuli. Halafu tuma ulichonacho, na ubaki kwenye kikundi.